Mtu Mmoja wa Kale Mezani Kwako: Umchague Nani, na kwa Nini

Swali hili huulizwa mahali pengi: kwenye usaili wa kazi, kwenye insha za kuombea ufadhili wa masomo, kwenye semina pale mwezeshaji anapotaka washiriki wazoeane. Ukipewa nafasi ya kula chakula cha usiku na mtu mmoja wa historia, utamchagua nani? Tanzania jibu linalowahi ni Mwalimu Nyerere. Kenya hutajwa Dedan Kimathi au Wangari Maathai, na Mandela hakosi popote. Wapo wanaowataja manabii, na hao nawaacha kando, maana hamu ya kumwona mtume ni jambo la imani na halipimwi kwa vigezo vya mazungumzo ya mezani.

Sina ugomvi na majibu hayo. Ila mwulize aliyejibu, "Haya, amekaa mbele yako, unaanza kumuuliza nini?" na mara nyingi atakwama. Hakwami kwa kukosa akili. Anakwama kwa sababu alijibu swali jingine ambalo hakuulizwa: nani unayemheshimu kuliko wote. Kumheshimu mtu ni kitu kimoja, na kuwa na sababu ya kumketisha kwako usiku kucha ni kitu kingine kabisa.

Tofauti hiyo watu waliiona zamani. Mwaka 1826 mwandishi Mwingereza William Hazlitt alichapisha insha kuhusu jioni moja ambayo marafiki walishindana kutaja watu wa kale ambao wangetamani kuwaona kwa macho. Mmoja wao akadhani orodha lazima ianze na Isaac Newton na John Locke. Mwandishi mwenzao Charles Lamb akampinga: majina makubwa, ndiyo, lakini nje ya vitabu vyao hakuna mtu wa kumtazama. Yeye akawachagua Thomas Browne na Fulke Greville, waandishi ambao maandishi yao yalikuwa mafumbo na wenyewe mafumbo zaidi. Hoja yake ina nguvu hadi leo. Mtu aliyeshasema yote aliyokuwa nayo hana haja ya kuitwa tena, kamsome. Anayefaa kuitwa ni yule aliyeondoka na jambo ambalo hakuna mwingine anaweza kutuambia.

Tuipime hoja hiyo kwa Mwalimu mwenyewe. Kwanza itabidi useme ni Nyerere yupi. Ukimwita yule wa mwaka 1954, mwalimu aliyekuwa akifundisha Pugu huku akiijenga TANU, umekaa na mtu asiyejua Azimio la Arusha, asiyejua Muungano, asiyejua vijiji vya ujamaa wala vita vya Kagera. Maswali yako karibu yote yatakuwa kuhusu mambo ambayo bado hayajamfika. Ukimwita yule wa miaka ya 1990 utapata majibu, lakini majibu yale unayo tayari. Hotuba aliyoitoa Mbeya siku ya Mei Mosi 1995 inasikilizwa mpaka leo, neno kwa neno, na sauti yake na kicheko chake. Mwalimu alikuwa mtu wa kueleza. Alieleza redioni, alieleza mikutanoni, aliandika, akatafsiri na tamthilia za Shakespeare juu yake. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 alituachia maneno mengi kuliko tunavyoweza kuyasoma vizuri katika maisha yetu. Ningependa kumwona, nani asingependa? Ila nafasi ni moja.

Kwa hiyo anayejibu swali hili hana budi kuchagua mtu na mwaka kwa pamoja. Watu wengi hulisahau hili, na ndilo linaloamua kama mazungumzo yatakuwa na maana.

Baada ya mwaka inakuja lugha. Mgeni anayevutia kwa masimulizi ya chakula ni msafiri Ibn Battuta wa Tangier, Morocco, aliyeshuka pwani yetu mwaka 1331. Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mbao na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga juu yake. Kando ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Akasema mtu mmoja wa mji ule anakula chakula cha kundi zima la watu wa kwao. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na bado aliona visima kwenye milango ya misikiti, kata ya mti yenye mpini mrefu ya kuchotea maji, na mkeka mnene wa kufutia miguu kabla ya kuingia. Kisha akaenda Kilwa. Jicho la namna hiyo ni adimu. Lakini usemi wake ni Kiarabu cha karne ya 14, na kama hukijui utakaa na mkalimani katikati, kila utani ukifika umepoa. Isitoshe, safari zake zote alizisimulia kwa mwandishi Ibn Juzayy, na kitabu kikakamilika Fez mwaka 1355. Huyu naye ameshasema.

Kuna jambo la adabu hapa ambalo swali lenyewe halikulifikiria. Limeletwa na watu wanaozungumza wakiwa mezani. Katika nyumba nyingi za kwetu, hasa pwani, mtoto huambiwa ale anyamaze, na mgeni haandamwi na maswali tonge likiwa mkononi. Mazungumzo yenyewe huja baadaye, watu wakishanawa, barazani, kwa kahawa chungu na kashata au tende. Anayetaka kumhoji mtu wa kale apange usiku wake hivyo: chakula cha kumpa mgeni utulivu, halafu kahawa ya kumfungua kinywa. Saa tatu za baraza zina thamani kuliko saa tatu za meza.

Na chakula chenyewe ni heshima. Ninalisema hili kwa sababu ya mgeni wa tatu, ambaye kwa vigezo vingine vyote angeshinda: Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Kiswahili alikuwa nacho. Kumbukumbu alikuwa nayo, ya bei, ya njia, ya machifu aliopigana nao kuanzia Unyamwezi mpaka Manyema. Aliwajua wasafiri wa Kizungu Stanley, Cameron na Livingstone. Hata hivyo mali yake ilitokana na pembe za ndovu na watu waliotekwa, vijiji kwa vijiji. Kumwita mtu nyumbani kwako, mwanao amshikie birika na beseni anawe, umpakulie sehemu nzuri ya samaki, ni kumtukuza. Mimi ningekaa naye kwenye kiti cha mahojiano na daftari mkononi, hata siku tatu mfululizo. Kumpakulia, hapana. Wapo wanaoona kwamba historia haina haja ya usafi wa namna hiyo, na kama swali lingekuwa la mahojiano ningekubaliana nao. Lakini swali linasema chakula. Tena na yeye ameshaandika: habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na zikachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa nifike kwa mtu wangu. Hoja ya Lamb ni nzuri lakini ina upungufu mmoja: mafumbo yake yote yalikuwa waandishi. Pengo kubwa kuliko yote liko kwa waliokuwapo, wakaona kila kitu, na wakati wengine wanaandika wao walikuwa wanafunga mizigo. Katika historia yetu ya karne ya 19 simwoni aliyeona mengi na kuulizwa machache kama Sidi Mubarak Bombay, kiongozi na mkalimani wa misafara ya wazungu.

Alizaliwa Uyao yapata mwaka 1820. Mwaka 1857 Waingereza wawili waliokuja kutafuta maziwa ya bara, Richard Burton na John Speke, walimkuta akiwa askari wa Sultani kwenye kituo cha Chogwe karibu na Pangani, wakamchukua. Aliongozana nao mpaka Tabora, iliyoitwa Kaze wakati huo, na mpaka Ujiji mwanzoni mwa 1858. Tarehe 3 Agosti mwaka huohuo Speke alipoliona Ziwa Nyanza, karibu na ilipo Mwanza leo, Burton alikuwa amebaki Tabora. Bombay alikuwapo ziwani. Kuanzia 1860 alirudi na Speke na Grant, akapita Karagwe, akaingia kwenye jumba la Kabaka Mutesa wa Buganda, akaenda kwa Kamrasi wa Bunyoro, akateremka na Mto Naili mpaka Cairo mwaka 1863, ambako yeye na wenzake walipigwa picha. Mwaka 1871 Stanley alimpa ukapteni wa askari wake kwenda kumtafuta Livingstone, na Bombay alikuwapo Ujiji. Mwaka 1873 alikuwa na Cameron huko Unyanyembe pale maiti ya Livingstone ilipoletwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi. Mwaka 1874 walikutana na Tippu Tip upande wa Manyema. Mwezi Novemba 1875 msafara wa Cameron ukatokea pwani ya Atlantiki, karibu na Benguela. Mtoto wa Kiyao aliyesukumwa kwenye jahazi Kilwa akawa ameivuka Afrika kwa miguu, bahari hadi bahari.

Hayo yote tunayajua kwa vinywa vya waliomwajiri. Speke alimsifu kwa uaminifu wake. Stanley alimkejeli, na katika kumweleza sura yake akataja pengo la meno ya mbele, akisema lilitokana na ngumi ya Speke huko Uganda. Isome tena hiyo. Mtu amepigwa na mwajiri mpaka meno yakatoka, na kwa mwandishi hilo ni sehemu ya maelezo ya sura, kama vile kusema ana kovu au ana kipara. Bombay mwenyewe alisemaje siku ile? Alirudije kazini kesho yake? Stanley hakuuliza.

Yapo maneno yanayosemekana kuwa ya Bombay mwenyewe, aya moja tu, ambayo Speke aliiweka katika kitabu chake cha mwaka 1864. Anasema yeye ni Myao, mama yake hamkumbuki vizuri kwani alikufa yeye akiwa mdogo. Alipokuwa na umri wa kama miaka 12, kundi kubwa la wafanyabiashara Waswahili na watumwa wao, wenye panga na bunduki, liliuzunguka ghafla mji wao na kudai madeni yalipwe palepale. Madeni yenyewe yalikuwa ya nguo na shanga walizokopeshwa wakati wa shida. Kila mtu alikuwa anadaiwa na mmojawapo wa wale waliokuja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema dai si halali, na hakuna aliyekuwa na cha kulipa. Wakakimbia. Wengi wakakamatwa. Habari za baba yake hakuzipata tena. Wakafungwa minyororo na kamba mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini mpaka Unguja, sokoni, ambako Mwarabu mmoja mfanyabiashara alimnunua akampeleka India. Bwana wake alipokufa akapata uhuru wake, akarudi Unguja, akaingia jeshini, akakaa na njaa mpaka siku Speke alipomwona.

Aya hiyo ina thamani kubwa. Tumezoea kusikia utumwa ukielezwa kama uvamizi wa usiku, moto na risasi. Huyu anatueleza ulivyoweza kuanza kwa mkopo. Mfanyabiashara anakopesha nguo mwaka wa njaa, anasubiri, anarudi na bunduki mwaka ambao hakuna awezaye kulipa, na watu wanakuwa ndio malipo. Ni shahidi aliyeliona akiwa na akili ya mtoto wa miaka 12, na amelikumbuka kwa usahihi unaotisha.

Lakini tazama ilivyotufikia. Bombay alikuwa akizungumza na Speke kwa Kihindustani, lugha aliyoipata India, na Speke naye hakuwa hodari sana wa lugha hiyo. Kisha Speke akaiandika kwa Kiingereza cha afisa wa jeshi. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotumika Buganda: neno la Speke lilitoka kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza Kiswahili, mkalimani mwingine akalipeleka kwa Kiganda mbele ya Kabaka. Baadaye Speke aliposhikilia kwamba ziwa lile ndilo chanzo cha Naili na Burton akabisha, mojawapo ya hoja za Burton ilikuwa kwamba habari za ziwa lile zilipotoshwa njiani, kati ya Speke na Bombay na wenyeji. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao wa hadhara mjini Bath. Miongoni mwa waliobaki hai na wanaojua yaliyosemwa ufukweni Mwanza alikuwamo Bombay, na hakuna aliyemwita kutoa ushahidi.

Hebu fikiria na yasiyokuwamo kwenye aya ile. Jina alilopewa na baba yake halimo. Mubarak ni jina la Kiislamu, na Bombay ni jina la mji wa mbali. Kijiji chake hakitajwi. Miaka ya India ni sentensi moja, wakati pale ndipo alipokulia. Hakuna ndugu, hakuna ngoma, hakuna neno moja la Kiyao. Wala hatujui alijisikiaje kila alipopishana njiani na misafara ya watu waliofungwa minyororo, yeye akiwa ameshika bunduki ya mzungu na kulinda mizigo. Swali hilo ni gumu na ningemwuliza kwa upole, kwa sababu katika misafara ile walikuwamo watu waliowahi kuwa watumwa ambao nao walinunua watumwa walipopata kipato. Simtaki Bombay awe malaika. Alisimamia wapagazi, akagombana nao na kugombanisha, na Cameron alimlalamikia kama Stanley. Namtaka aliyekuwapo.

Lugha haitatusumbua. Kiswahili alichozungumza ni cha Unguja na cha njia ya msafara, na ndicho kilichozaa hiki chetu. Maneno machache yatatupita, tutaulizana. Kwa chakula ningempikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na chapati na dengu pembeni kwa ajili ya miaka yake ya India, kwa sababu mtu aliyelelewa ugenini mara nyingi ana chakula kimoja cha huko ambacho haachi kukitamani. Uyao sijui ale nini kilichomkumbusha nyumbani, na hilo lenyewe ni swali zuri la kuanzia, kwani mtu aliyemsahau mama yake anaweza akakumbuka mboga.

Imebaki kuchagua mwaka. Wengi wangemwita mwaka 1863 akiwa Cairo na sifa zote, au siku ya kuifikia Atlantiki. Ningengoja. Kuanzia 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, ambacho kilikuwa kimempa medali ya fedha, kilimpa pensheni, naye akatulia. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na pale Mkunazini likajengwa kanisa. Halafu ikaja Agosti 1885: manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji na kuielekeza mizinga yake kwa Sultani Barghash, akubali nchi za bara zilizotiwa mikataba na mawakala wao. Nchi hizo ndizo alizozipita Bombay akiwatangulia watu wenye dira na madaftari. Alifariki tarehe 12 Oktoba mwaka uleule. Kwa hiyo kulikuwa na wiki chache ambazo mzee huyu angeweza kukaa barazani Unguja, moshi wa meli ukionekana, akijua jinsi ramani zile zilivyochorwa na zimezaa nini.

Usiku wangu ungekuwa huo. Ningemwita Mzee Mubarak mpaka yeye mwenyewe aniambie jina jingine. Tukishanawa na kahawa imeletwa, ningeuliza kwanza habari za mji wao kabla ya wale wadai kuja: nani alikuwa jirani, watu walilima nini, nguo zile za mkopo zilikuwa za rangi gani. Kisha India. Kisha meno yake, na siku ile Buganda, kama angependa kuieleza. Kisha ningemwonyesha zile meli na kumwuliza kama alipokuwa akiwatajia wazungu majina ya mito aliwahi kuhisi kwamba jambo hili litafika hapa. Chanzo cha Naili kingengoja mpaka mwisho, kama bado kungekuwa na kahawa.